Tanga na Uhaba wa Mikono: Historia ya Chombo Kidogo katika Ghuba ya Berkeley

Historia ya tanga katika Ziwa Viktoria ni fupi mno ikilinganishwa na historia yake katika pwani ya Waswahili, kwa maana vyombo vya ziwani viliendeshwa kwa makasia tu hadi ilipofika robo ya tatu ya karne ya 19, ilhali pwani ilikuwa imezoea matanga kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hata hivyo, katika kipindi hicho kifupi tanga la ziwani limepitia mageuzi ambayo hayakuandikwa vya kutosha, nayo ni mageuzi ya kulitoa katika chombo cha mfanyabiashara, kilichohitaji mabaharia wengi, na kulitia katika mtumbwi wa mvuvi ambao huendeshwa na watu watatu, wawili na mara nyingine mmoja peke yake. Makala haya yanafuatilia mageuzi hayo katika pembe ya kaskazini mashariki ya ziwa, yaani Ghuba ya Berkeley na fuo za Samia na Bunyala, pamoja na nchi ya bara iliyo nyuma yake hadi Butula, ambako Wamarachi, ingawa si mabaharia, wamekula samaki wa ghuba hiyo kwa vizazi vingi.

Mto Sio humwaga maji yake katika ghuba hiyo karibu na Sio Port, na Mto Nzoia huingia ziwani kupitia nyanda za mafuriko za Bunyala, kusini yake, mahali ambapo mji wa Port Victoria umejengwa. Mpaka wa Kenya na Uganda, ambao barani hupita Malaba na Busia, huendelea majini na kuigawa ghuba, hivyo kwamba kisiwa cha Sigulu kiko Uganda ilhali fuo za Sio Port na Port Victoria ziko Kenya. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, na jambo hilo lina uzito katika historia ya vyombo, kwa sababu mvuvi wa upande huu hana maji mapana ya kuzurura. Safari zake ni fupi, hurudiwa karibu kila siku, na hupimwa kwa saa za upepo.

Kabla ya tanga, chombo kikuu cha maji hayo kilikuwa mtumbwi wa mbao zilizoshonwa, yaani mbao zilizotobolewa kingoni na kuunganishwa kwa nyuzi za mimea bila msumari wowote, juu ya mti mmoja mrefu uliokuwa uti wa chombo. Mitumbwi iliyosifika zaidi ilikuwa ya visiwa vya Sese na ya Buganda, lakini ustadi wa kushona ulijulikana pia upande wa mashariki. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba Wasamia, waliokuwa wayeyushaji wa chuma mashuhuri na ambao majembe yao yaliuzwa mbali na kwao, waliishi kando ya maji yaliyosafiriwa kwa vyombo visivyo na chuma hata kidogo. Wala haikuwa kasoro, kwani chombo kilichoshonwa hulegea kidogo mawimbi yanapokipiga, na nyuzi zikioza hubadilishwa bila kuharibu mbao.

Nguvu ya chombo cha namna hiyo ilikuwa mikono ya watu. Mtawala mwenye raia wengi alikuwa na mitumbwi yenye kasi, na asiye na watu hakuwa na safari ndefu, hivyo usafiri wa majini ulikwenda sambamba na mamlaka. Henry Morton Stanley, aliyelizunguka ziwa mwaka 1875 kwa mashua yake iliyoitwa Lady Alice, alishuhudia mwaka huohuo jeshi la majini la Kabaka Mutesa wa Buganda likipigana na watu wa Buvuma, na maelezo yake ni ya safu za wapiga makasia, si ya matanga. Umbo la mitumbwi hiyo lenyewe lilikuwa jembamba na refu, lililofaa makasia lakini lisilofaa kubeba mlingoti mzito, kwa kuwa chombo chembamba kisicho na mkuku wa kutosha hulala upande upepo unapolisukuma tanga.

Tanga liliingia kutoka kusini. Katika miaka ya 1870, mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Songoro, mmoja wa watu wa pwani waliofuata njia ya Tabora, aliweka makao Kagei katika nchi ya Wasukuma, akajenga jahazi kwa mbao za Ukerewe kwa ajili ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana waliokwenda Buganda walifika katika mwambao huohuo mwaka 1877 wakiwa na mashua ndogo iliyoitwa Daisy, na mwezi Desemba wa mwaka huo wawili kati yao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe pamoja na Songoro katika ugomvi kati yake na Mtemi Lukonge wa kisiwa hicho. Haifai kulificha jambo hili: tanga, ambalo leo ni chombo cha riziki ya maskini, lilifika ziwani likiwa chombo cha biashara iliyowanyang'anya watu uhuru wao, na jamii za fuoni zilijifunza kuliogopa kabla ya kujifunza kulitumia.

Katika miongo hiyohiyo, mkono wa pili wa pwani ulikuwa ukinyooka kwa nchi kavu. Misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Pangani ilifika Kwa Sundu, mahali panapoitwa Mumias leo, katika nchi ya Wawanga inayopakana na ya Wamarachi, ikakaa huko kununua pembe na chakula, na kwa njia hiyo Kiswahili na Uislamu vikatia mizizi karibu sana na Butula. Mpelelezi Joseph Thomson alipita humo akafika ukingoni mwa ziwa katika nchi ya Samia mwezi Desemba 1883, na Askofu Hannington alipita Kwa Sundu mwaka 1885 alipokuwa akielekea Busoga, alikouawa. Kwa hiyo nchi iliyo kati ya Mumias na Ghuba ya Berkeley ni mahali pa pekee katika historia ya Waswahili wa bara: lugha yao ilifika humo kwa miguu kutoka mashariki, ilhali tanga lao lilifika kwa maji kutoka kusini, na vitu hivyo viwili, ambavyo pwani havitenganiki, huku vilipokelewa na watu tofauti kwa nyakati tofauti.

Ili kufahamu kilichobadilishwa baadaye, yafaa kueleza jinsi tanga la pwani linavyofanya kazi. Tanga hilo lina umbo la pembetatu, au karibu na pembetatu, na upande wake mrefu hufungwa kwenye foromali, yaani boriti ndefu inayoning'inia kimshazari kwenye mlingoti. Foromali hupandishwa kwa henza, kamba nene inayopita kichwani mwa mlingoti, ambayo huvutwa kwa msaada wa roda, yaani gurudumu dogo lenye mfereji wa kamba linalopunguza uzito wa kuvuta. Ncha ya chini ya foromali hufungwa upande wa omo, ambao ni mbele ya chombo, pamoja na joshi, yaani sehemu ya tanga inayoukabili upepo, na pembe ya nyuma ya tanga hushikwa kwa demani, kamba inayokazwa au kulegezwa kulingana na upepo. Demani ndiyo roho ya chombo, kwa sababu dhoruba inapopiga ghafla usalama wa wote hutegemea wepesi wa aliyeishika kuiachia.

Tanga la namna hiyo lina nguvu kubwa na huweza kukaribia upepo kuliko tanga la mraba la mkeka lililotumiwa na mitepe, vyombo vya kushonwa vya pwani ya Lamu ambavyo vilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Udhaifu wake huonekana chombo kinapobisha, yaani kinapokwenda kinyume cha upepo kwa kupinda huku na huku. Kila upande wa upepo unapobadilika, tanga linatakiwa lihamie upande wa pili wa mlingoti, na katika jahazi kazi hiyo hufanywa kwa kukigeuza chombo mgongo kwa upepo, kuisimamisha foromali wima sambamba na mlingoti, kisha kuizungusha demani na pembe ya tanga kwa mbele hadi upande mwingine. Mtu mmoja hushika usukani, wengine hushughulika na foromali, wengine hukimbia na demani, na wakati huo chombo hakina tanga linalofanya kazi. Jahazi lisilo na watu wa kutosha haligeuki salama, na hiyo ndiyo sababu kubwa kwa nini wenye majahazi walihesabu mabaharia kabla ya kuhesabu shehena.

Ghuba ya Berkeley, hata hivyo, haina pepo za kaskazi na kusi zinazovuma upande mmoja kwa miezi. Ziwa lina pumzi ya kila siku: usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani hadi asubuhi, mchana nchi kavu hupata joto haraka, na upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, ukapata nguvu alasiri. Mvuvi anayetweka tanga kabla ya mapambazuko husukumwa kwenda kuvua, na mvuvi huyohuyo akisubiri alasiri husukumwa kurudi, kwa hiyo katika siku ya kawaida hana haja ya kubisha kwa muda mrefu. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa mageuzi yote yaliyofuata, kwani kazi iliyohitaji watu wengi katika jahazi la pwani ni ile ile ambayo majira ya ziwa yalimwondolea mvuvi. Tanga lingeweza kufanywa dogo, foromali ikaachwa upande mmoja wa mlingoti safari nzima, hata kama upande mmoja tanga lingelalia mlingoti na kupoteza sehemu ya nguvu zake, na hasara hiyo ikawa ndogo kuliko gharama ya kumlipa mtu wa ziada.

Sababu za kuhitaji wepesi huo ziliongezeka mwanzoni mwa karne ya 20. Ugonjwa wa malale ulioanza kuenea kando ya ziwa karibu na mwaka 1901 uliua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga na Buganda peke yake, ukafika pia Samia na Bunyala, na serikali ya Uganda iliamua kuwahamisha watu wa fuoni na visiwani ili kuwaepusha na mbung'o. Wapiga makasia, mafundi wa kushona mitumbwi na vijana waliokuwa wakirithishwa ufundi huo walikufa au wakatawanywa barani. Kodi ya nyumba iliwasukuma wanaume wengine kwenda kutafuta mshahara mashambani na mijini, na Vita vya Kwanza vya Dunia viliwachukua wengi wa jimbo la Nyanza kuwa wapagazi wa jeshi. Ni vigumu kuamini kwamba mtumbwi mrefu wa makasia ungebaki vilevile baada ya misiba hiyo, kwa kuwa chombo hicho kilijengwa juu ya dhana kwamba watu wapo.

Mabadiliko ya usafiri nayo yalikuwa na mchango wake. Upimaji wa kwanza wa njia ya reli, uliofanywa na Kapteni Macdonald miaka ya 1891 na 1892, ulikusudia reli kutoka Mombasa iishie Port Victoria katika Ghuba ya Berkeley, lakini njia ilibadilishwa na reli ikafika Ghuba ya Ugowe, ambako Kisumu ilijengwa, mwezi Desemba 1901. Laiti mpango wa kwanza ungefuatwa, Bunyala ingekuwa bandari kuu na Butula ingekuwa kituo cha njiani. Badala yake meli za mvuke, zikiwemo Winifred, Sybil na Clement Hill, zilifanya Kisumu kuwa kitovu, na fuo ndogo kama Sio Port na Port Victoria zikaachiwa majahazi, mengi yakiwa mali ya wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, yaliyobeba bidhaa za maduka na mazao ya wakulima. Majahazi hayo yaliajiri vijana wa Kisamia, Kinyala na Kiluo, na huenda ndiyo yaliyokuwa chuo chao cha tanga, ingawa hakuna aliyetoa cheti wala kuandika daftari. Reli ya Nakuru kupitia Eldoret, Malaba na Tororo ilipofika Kampala mwaka 1931, shehena nyingi ziliacha maji zikaenda barani, na biashara ya majahazi ikapungua. Kilichobaki mikononi mwa watu wa fuoni ni ujuzi.

Ujuzi huo uliingia katika uvuvi, ambao wenyewe ulikuwa umebadilika. Nyavu za kutega za kitani zililetwa ziwani mwaka 1905, na faida yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba Michael Graham alipofanya utafiti wake wa uvuvi miaka ya 1927 na 1928 alikuta samaki aina ya ngege wamepungua, akashauri jicho la wavu lisipungue inchi 5. Wavu wa kutega hauhitaji watu wengi kama wavu wa kukokota. Unahitaji chombo kitakachofika mbali, kitulie, kisha kirudi. Chombo kilichojibu haja hiyo ni mtumbwi wa mbao wenye mkuku na mataruma, yaani mbavu za ndani zinazoushikilia ubavu, uliopigiliwa misumari badala ya kushonwa, mpana kiasi cha kustahimili mlingoti. Wavuvi hadi leo huuita sese, ingawa umbali kati yake na mtumbwi wa kushonwa wa visiwa vya Sese ni mkubwa.

Ni katika mtumbwi huo ndipo zana za tanga zilipopunguzwa hatua kwa hatua. Mlingoti ukawa mti unaong'oleka, unaopitishwa katika tundu la ubao wa kukalia na kukita chini kwenye mkuku, ili mtu aulaze anapotaka kutandika nyavu. Foromali ikawa fito nyepesi anayoweza kuiinua mtu mmoja bila roda. Usukani mara nyingi ukaachwa, mahali pake pakachukuliwa na kasia linaloshikwa tezini, yaani nyuma ya chombo. Mpangilio wa kawaida wa watu watatu ni mmoja wa kasia, mmoja wa demani, na mmoja wa upo, yaani chombo cha kukumbia maji yanayoingia ndani. Wakiwa wawili, mwenye kasia hushika demani pia. Akiwa mmoja, hubana kasia kwapani, demani mkononi, naye hulazimika kukumba maji pale tu upepo unapompa nafasi. Tanga lenyewe lilitoka katika kitambaa cha marekani, likapita magunia yaliyoshonwa, likafika kwenye turubai na vitambaa vya plastiki ambavyo havinyonyi maji, ni vyepesi, na hupatikana katika maduka ya Busia, japo jua huviozesha na kuvipasua upesi.

Haja ya mtu mmoja kukimudu chombo haikuwa ya Afrika Mashariki peke yake. Joshua Slocum, aliyeizunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898 kwa mashua yake Spray, alifupisha mlingoti na maboriti yake njiani na kuongeza tanga dogo la nyuma lililoisaidia mashua kushika njia yake. Mwaka 1960, Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki peke yake katika mashua iliyoitwa Jester yenye tanga la Kichina, ambalo lina fito za kukatiza zinazoliwezesha kukunjwa kipande kwa kipande kwa kuvuta kamba moja, pasipo mtu kutoka mahali anapokaa. Fikra ya Hasler ni ile ile ya mvuvi wa Bunyala: kamba zote zimfuate mtu, asiwe yeye wa kuzifuata kamba. Tofauti iko katika fedha na katika kumbukumbu, kwa kuwa kazi ya Hasler imeandikiwa vitabu na ya Bunyala haijaandikiwa.

Sangara, ambaye Kenya huitwa mbuta, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 na kuongezeka mno tangu miaka ya 1980, akaleta viwanda, magari ya barafu na mashine za kufungwa tezini. Wengi walidhani tanga litatoweka. Halikutoweka, kwa sababu mashine hunywa mafuta hata siku isiyo na samaki, na huibwa majini na fuoni, ilhali hakuna anayeiba upepo. Mwaka 2021, jahazi liitwalo Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyokusanywa na kuzinduliwa 2018, lilisafirishwa hadi Kisumu likaenda kuelimisha watu wa fuo za ziwa kuhusu taka, na kwa njia hiyo tanga la pwani likarudi ziwani kwa ajili ya kazi njema kuliko ile ya Songoro.

Maboresho yanayowezekana leo si ya gharama kubwa. Henza ikipitishwa katika roda chini ya mlingoti na kuletwa hadi tezini, mwenye kasia anaweza kuliteremsha tanga bila kusimama, na kusimama katika chombo kidogo wakati wa mawimbi ni hatari. Demani ikipitishwa katika roda moja na kuzungushwa kwenye kigingi kilichopigiliwa ubavuni, badala ya kufungwa fundo, mkono hupumzika na bado kamba huachika kwa mvuto mmoja. Kipande cha mpira wa gari kikifungwa kati ya kasia na ubavu, chombo hushika njia kwa muda wa kutosha mtu kukumba maji.

Linalobaki gumu ni kupunguza tanga wakati upepo unapozidi. Tanga la pwani kwa desturi halikunjwi nusu; nahodha wa jahazi hubeba matanga makubwa na madogo na kubadilisha, jambo lisilowezekana kwa mtu mmoja ndani ya mtumbwi wenye nyavu. Dhoruba za radi za Ziwa Viktoria hutokea zaidi usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo mvuvi yuko nje, nazo hufika kwa ghafla kiasi kwamba dakika za kufikiri hazipo. Safu ya kamba fupi zilizoshonwa katikati ya tanga, za kulifungia sehemu ya chini kabla ya kuondoka pale mawingu yanapoonekana upande wa Sigulu, ingempa mvuvi tanga dogo bila kununua la pili, na mafundi wanaoshona matanga ya plastiki Port Victoria na Sio Port wana sindano, uzi na ujuzi wa kuifanya kazi hiyo kwa siku moja.